Wenye masta na PhD za uhandisi kemikali wanapotelea wapi? Mbona kiwandani hawaonekani

#1 Mlangoni
Wakuu salaam, niende moja kwa moja. Nina digrii ya kwanza ya uhandisi kemikali, nipo kitengo cha uzalishaji, zamu mchana zamu usiku, na sasa nimepata ofa ya masta ya utafiti nje. Kabla sijajibu nikasema ngoja nichunguze kidogo waliosoma hii fani mpaka masta na PhD wako wapi leo. Aisee nilichokuta kimenichanganya. Kuna aliyepo benki anachambua miradi ya kukopeshwa, kuna anayeandika programu, kuna aliyepo kampuni ya chipu za kompyuta, kuna walimu, kuna anayeuza mitambo. Kwenye kiwanda chenyewe, pale penye mnara na pampu na boila, sioni mtu. Ninaofanya nao kazi wote wana digrii moja au diploma na mashine wanaijua kuliko kitabu. Kwaiyo dai langu ni kwamba masta na PhD za hii fani zinamtoa mtu kiwandani, hazimuingizi. Anayebisha abishe ila aje na sababu.

#2 Vali Imekwama
Nimekaa siti ya mbele. Huu uzi utakuwa mtamu.

#3 Zamu ya Usiku
Mkuu ulichokiona ni kweli ila sababu yake ni nyepesi tu. Kiwanda kikishajengwa hakihitaji mtafiti, kinahitaji mtu wa kukiendesha kisizime. Teknolojia yenyewe karibu kila mahali inanunuliwa kwa leseni, unapewa kifurushi kizima, joto hili, presha hii, kichocheo hiki badilisha kikichoka, na ukitaka kugeuza kitu kikubwa unampigia mwenye leseni. Sasa jiulize huyo mwenye leseni ndani kwake kuna nani? Ndo hao unaowatafuta. Wako kule kwenye maabara na viwanda vya majaribio vya kampuni zinazobuni prosesi, na kwenye kampuni za usanifu zinazochora mitambo. Umewatafuta mlango wa nyuma.

#4 dada_entropi
Nakazia #3 ila naongeza. Ugumu wa hii fani haupo kwenye kuendesha, upo kwenye kuvuka kutoka chupa ya maabara mpaka mtambo. Chukua riakta (tangi la kufanyia mmenyuko) yenye umbo la mpira, iongeze kipenyo mara 10 bila kubadili umbo. Ujazo unapanda mara 1000 ila eneo la ukuta linapanda mara 100 tu. Maana yake joto linalozalishwa ndani limekuzidi mara 10 ukilinganisha na ukuta wa kulitolea. Mmenyuko uliokuwa mpole mezani unaweza kukurukia kiwandani. Mtu anayejua kukokotoa hilo kabla ya chuma kukatwa ndo anaenda masta. Chuma kikishasimama kazi yake imeisha anaenda mradi mwingine, kwaiyo wewe wa zamu huwezi kumuona.

#5 Mzee wa Boila
Vijana hamjambo. Mimi niko viwandani tangu enzi za grafu za karatasi. Nawaambia ukweli mchungu, tatizo lipo vyuoni. Maprofesa wengi wa sasa hawajawahi kushika vali iliyokwama (samahani ndugu yangu #2). Nenda idara kubwa yoyote ya uhandisi kemikali uangalie utafiti wao, utakuta seli, protini, chembe ndogo ndogo za kupelekea dawa, vifaa vya betri, simulesheni za molekuli. Vingine vimebadilisha mpaka jina la idara vikaongeza baiolojia. Kijana anakaa miaka mitano kwenye kitu kisichoonekana kwa macho halafu mnashangaa hajui kusikiliza pampu inayolia. Anaenda wapi sasa? Anaenda kule alikofundishwa.

#6 Vali Imekwama
@Mzee wa Boila nimekusamehe ila shikamoo yako leo hupati

#7 Mlangoni
@Zamu ya Usiku asante, hiyo ya leseni sikuwa nimeiwaza. Ila mbona hata kwenye kampuni za usanifu wengi niliowaona wana digrii moja na uzoefu? Na @Mzee wa Boila unamaanisha nisiende?

#8 Kokotoa
Mnaongelea kiwanda kama vile ndo makao makuu ya hii fani, siyo. Kinachofundishwa ngazi ya uzamili ukikitoa nguo zote kinabaki vitu vichache: termodainamiki (sayansi ya joto na nishati), uhamishaji wa joto na masi na mwendo wa vimiminika, kinetiki (kasi ya mmenyuko), na hesabu nyingi. Hivyo vitu havijali kama ndani ya bomba kuna mafuta au damu au gesi ya kutengenezea chipu. Ndo maana watu wanasambaa. Andy Grove aliyekuwa bosi wa Intel alikuwa na PhD ya uhandisi kemikali, chuo cha Berkeley 1963. Jack Welch wa General Electric naye PhD ya hii hii fani, Illinois 1960. Frances Arnold aliyepata Nobel ya kemia 2018 kwa kuelekeza mageuko ya vimeng'enya, PhD yake ni uhandisi kemikali. Sasa niambie hao wamepotea?

#9 Zamu ya Usiku
@Kokotoa hao umechagua majina yanayong'aa mkuu. Kwa kila Grove mmoja kuna wangapi tusiowajua. Halafu Welch alianzia kwenye plastiki huko huko GE, alikuwa kwenye kujenga kiwanda, hakuruka kutoka darasani mpaka ofisi ya juu.

#10 Kokotoa
Sawa, ila hoja inabaki pale pale, fani haikumfunga.

#11 Nusu Lita
Naomba kuuliza kwa wajuzi, mimi nimesoma kemia ya kawaida, siyo uhandisi. Naweza kuingia masta ya uhandisi kemikali? Maana najua kutengeneza molekuli vizuri tu.

#12 Mnara wa Pili
@Nusu Lita unaweza, wengi wanaingia hivyo, ila jiandae. Vyuo vingi watakupa kozi za kuzibia pengo kwanza: mizania ya masi na nishati, mwendo wa vimiminika, uhamishaji joto, riakta, utenganishaji. Kemia yako itakusaidia kidogo sana kuliko unavyodhani, wanachotaka ni hesabu. Kama milinganyo tofautishi umeisahau ianze leo. Huyo Frances Arnold aliyetajwa #8 digrii yake ya kwanza ilikuwa uhandisi wa mitambo na anga, Princeton 1979, kwaiyo mlango wa pembeni upo siku zote.

#13 Nusu Lita
Asante mkuu. Kwani tofauti ya mkemia na mhandisi kemikali ni hesabu tu? Maana amonia aliitengeneza Haber na alikuwa mkemia, mwenyewe peke yake akalisha dunia.

#14 dada_entropi
Hapana mdogo wangu, hapo nakurekebisha. Haber alionyesha maabara kwamba naitrojeni na haidrojeni zinaungana chini ya presha kubwa na kichocheo. Kuifanya iwe kiwanda ilikuwa kazi ya Carl Bosch na timu yake pale BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, na kiwanda cha Oppau kilianza 1913. Shida zake zilikuwa za kihandisi kabisa. Presha angahewa 200 hivi, joto la nyuzi 500, na haidrojeni ilikuwa inapenya kwenye chuma cha pua cha... ngoja nisiharibu, chuma cha kaboni, inakula ile kaboni, bomba linakuwa kama limeoza linapasuka. Bosch akaweka bomba la ndani la chuma laini kisicho na kaboni, na ganda la nje la kubeba presha akalitoboa matundu madogo ili haidrojeni inayopenya itoke nje isikae kwenye chuma. Kichocheo nacho, Mittasch wa timu hiyo hiyo alijaribu maelfu ya michanganyiko mpaka akatulia kwenye chuma chenye viongezi. Haber alipewa Nobel ya 1918, Bosch akapewa yake 1931. Hayo matundu ndo uhandisi kemikali wenyewe.

#15 Mzee wa Boila
Dada umetisha. Hayo matundu nilikuwa nayafundisha vijana wa zamu. Ila na wewe nikurekebishe kidogo kwa upande mwingine, Bosch mwenyewe PhD yake ilikuwa ya kemia, ila kabla ya hapo alikuwa amesoma madini na mitambo. Wakati ule Ujerumani walikuwa wanamuweka mkemia na mhandisi wa mitambo meza moja, fani yetu kwa jina hili ilikuwa inakua upande mwingine kabisa.

#16 Kokotoa
Ilianzia Marekani, chuo cha MIT 1888.

#17 Mzee wa Boila
Programu ya kwanza ya digrii ndiyo, MIT 1888, Lewis Norton. Ila mihadhara ilitangulia Manchester 1887, George Davis, ambaye alikuwa mkaguzi wa viwanda vya alkali. Mtu wa kiwandani huyo, tafadhali andikeni kwenye daftari. Fani imezaliwa na mtu anayezunguka kiwanda kwa kiwanda anakagua mabomba, leo watoto wake wanaogopa kelele.

#18 Vali Imekwama
Mzee anadai urithi

#19 Tanki Tupu
Nimesoma wote nawaona mnazunguka mbuyu. Sababu ni pesa na usingizi. Nina PhD, niliajiriwa kiwandani kabisa, kampuni siitaji. Kwenye intavyuu waliniambia wanataka mtu wa kuboresha prosesi. Nilipoingia kazi ikawa kujaza ripoti za uzalishaji na kusimamia ukarabati wikiendi, na kila nikipendekeza jaribio naambiwa hatuwezi kusimamisha laini. Mshahara wangu na wa mwenzangu mwenye digrii moja tuliokuwa dawati moja ulipishana kidogo sana, yeye alikuwa ameanza mapema kwaiyo ameshapanda vyeo wakati mimi nipo chuo. Nikahamia kazi ya kuandika modeli za kompyuta za utabiri. Hesabu ni zile zile, usiku nalala.

#20 Mlangoni
@Tanki Tupu hii ndo inanitisha. Kwaiyo unajutia PhD?

#21 Tanki Tupu
Sijutii hata kidogo, najutia ile kazi. Bila PhD nisingepata ninayofanya sasa. Ila kama ndoto yako ni kuwa meneja wa kiwanda, ile miaka itumie kiwandani, hakuna atakayekupa umeneja kwa sababu ya tesisi.

#22 Injini Baridi
Mimi ni upande wa pili kabisa wa #19. Nina masta, nipo kitengo cha usalama wa prosesi, na hapa bila masta ni ngumu kuaminiwa. Kazi yangu ni kukaa na michoro na watu wa uendeshaji tunauliza ikiwa mtiririko umezidi itakuwaje, ukirudi nyuma itakuwaje, ndo ile mbinu ya kusaka hatari inaitwa HAZOP, iliyotokana na kampuni ya kemikali ya ICI ya Uingereza. Mnaosema kiwanda hakihitaji mtu aliyesoma sana someni habari ya Flixborough, Uingereza, tarehe 1 Juni 1974. Riakta moja kati ya sita ilipata ufa ikatolewa, wakaunga bomba la muda kupitisha saikloheksani (kimiminika kinachowaka haraka) kutoka ya nne kwenda ya sita. Mchoro wa hilo bomba ulichorwa kwa chaki sakafuni kwenye karakana. Nafasi ya mhandisi wa mitambo aliyetakiwa kulikagua ilikuwa wazi, aliyekuwepo alishaondoka. Likapasuka, watu 28 wakafa.

#23 Zamu ya Usiku
@Injini Baridi mfano mzito, ila angalia unachothibitisha. Pale alikosekana mhandisi wa mitambo mwenye uzoefu wa mabomba na maungio yake. PhD ya uhandisi kemikali isingeliona hilo bomba.

#24 Injini Baridi
Ndio, na ndo maana sikusema PhD nimesema masta, na masta yangu nusu yake ilikuwa usalama na tathmini ya hatari. Mada unayochagua ndo inaamua. Watu wanasema "nina masta ya uhandisi kemikali" kama vile ni kitu kimoja.

#25 Mnara wa Pili
Hapo #24 umegonga penyewe na naona mleta mada hajaambiwa vitu vya msingi kwaiyo niweke. Kuna masta ya kozi tupu, mara nyingi unajilipia, unasoma unamaliza, inamfaa anayetaka kurudi viwandani au kampuni za usanifu. Kuna masta ya utafiti yenye tesisi, hiyo ni ngazi ya kwenda PhD au kitengo cha utafiti. Halafu Marekani mtu anaweza kuingia PhD moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza, ada wanafuta na unapewa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti wa profesa, miaka mitano hivi. Uingereza PhD ni mitatu hadi minne na ni utafiti karibu mtupu. Ujerumani mara nyingi unakuwa mwajiriwa wa chuo kwa mkataba. PhD ya uhandisi ukiona unaambiwa uilipie mwenyewe mfukoni, jiulize mara mbili. Mlangoni yako ni ya utafiti, nani analipa?

#26 Mlangoni
Ufadhili nusu, wanafuta ada, kujikimu mwenyewe. Mada bado, barua inasema itaamuliwa nikifika.

#27 Kokotoa
Duh. Mada itaamuliwa ukifika ni sawa kwa PhD ya Marekani maana mwaka wa kwanza unasoma kozi kisha unachagua profesa. Kwa masta ya mwaka mmoja na nusu ukifika bila mada utapewa kilichobaki.

#28 Sakafu ya Tatu
Nimechelewa kwenye uzi, samahanini. Hakuna aliyesema jambo moja. Mleta mada amehesabu anaowaona mtandaoni. Nani anaweka wasifu wake mtandaoni kila wiki? Wa benki, wa programu, wa konsalti, walimu. Mtu aliyepo kwenye kiwanda cha dawa anasimamia matangi ya kuchachushia seli hana muda huo, na mkataba wake unamkataza kusema anachofanya. Mimi ni mmoja wao. Kwenye dawa za kibaiolojia wenye PhD ya uhandisi kemikali tumejaa, na tupo sakafuni kabisa, tumevaa mavazi meupe tu ndo maana hututambui. Tangi la lita elfu kadhaa lenye seli hai zinazotaka oksijeni bila kuvurugwa sana na pangaboi, mtu wa digrii moja analiendesha vizuri ila siku seli zimeanza kufa bila sababu anatupigia sisi.

#29 dada_entropi
@Sakafu ya Tatu umenikumbusha penisilini. Mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa uhandisi kemikali MIT, Margaret Hutchinson Rousseau, 1937, ndiye aliyesanifu kiwanda cha kwanza cha kibiashara cha penisilini kwenye matangi yenye kina kirefu wakati wa vita ya pili ya dunia. Kabla ya hapo ukungu ulikuwa unakuzwa juu juu kwenye vyombo vingi vidogo. Kwaiyo dawa siyo mtindo mpya kama @Mzee wa Boila anavyolalamika #5, ni fani yetu kitambo.

#30 Mzee wa Boila
Huyo mama alikuwa pia mtu wa mafuta na mpira wa kutengenezwa, dada usinifiche. Na yeye alijenga KIWANDA. Mimi sina ugomvi na seli, nina ugomvi na tesisi inayoishia kwenye kompyuta.

#31 Nusu Lita
Jamani kompyuta tena ndo tatizo? Mi nilikuwa nataka kuanza kujifunza simulesheni za prosesi, ile programu maarufu ya kulipia sina hela nayo.

#32 Vali Imekwama
Chukua DWSIM, ni ya bure na chanzo wazi. Anza na mnara mmoja wa kutenganisha vitu viwili, ila kwanza uchore kwa mkono ile njia ya McCabe na Thiele ya 1925, ya kuchora ngazi kwenye grafu kuhesabu sahani (hatua za ndani ya mnara), ili programu isikudanganye. Ukichagua modeli ya termodainamiki isiyofaa itakupa jibu zuri lenye desimali sita na lote ni uongo. Ethanoli na maji ukiweka modeli ya mchanganyiko kamilifu itakuambia unaweza kupata ethanoli safi asilimia 100 kwa kukeneka kawaida (kuchemsha na kukusanya mvuke), wakati kwa presha ya kawaida inagoma kwenye 95 na kidogo kwa uzito.

#33 Zamu ya Usiku
Kumbe Vali siku ukiamka unajua vitu

#34 Vali Imekwama
Nina masta mkuu. Nipo kiwandani. Zamu. Hakuna aliyeniuliza.

#35 Mlangoni
Haaaa sasa wewe ulikuwa wapi uzi mzima? Masta imekusaidia nini hapo ulipo?

#36 Vali Imekwama
Cheo haijanipa, tusidanganyane. Ila mnara wetu ulikuwa unafurika kila mzigo ukipanda, wote wakawa wanasema pampu, pampu. Nikakaa na hesabu za mvuke na kimiminika nikaona sahani za katikati ndo zimefika kikomo, kuna uchafu umeziba matundu kwahiyo mvuke unapita kwa kasi unazuia kimiminika kushuka. Walipofungua wakakuta hivyo. Tangu hapo naitwa kwenye vikao. Ile kozi ya utenganishaji ya masta ndo ilinipa ujasiri wa kubishana na watu walionizidi umri. Ila mwenzangu asiye na masta naye angeweza kuijua kwa kusoma mwenyewe, sijui, labda.

#37 Tanki Tupu
Bahati umepata bosi aliyekubali kufungua mnara. Mimi ningeambiwa subiri ukarabati mkuu.

#38 Injini Baridi
Na ndo maana nasema siyo fani, ni sehemu ulipo. Kiwanda kidogo chenye laini moja kisichosimama kinaua mtu mwenye masta. Kampuni kubwa yenye kitengo cha ufundi kinachohudumia viwanda vingi inamtumia vizuri.

#39 Zamu ya Usiku
Bado mimi na leseni yangu ya #3. Hakuna aliyeivunja.

#40 Sakafu ya Tatu
Nimeivunja #28 kaka. Dawa za kibaiolojia prosesi nyingi mwenye kiwanda ndiye aliyeibuni, hakuna mtu wa kumpigia.

#41 Zamu ya Usiku
Sekta moja hiyo.

#42 Kokotoa
Na chipu. Na betri. Na usafishaji maji kwa membreni (utando wa kuchujia). Endelea kuhesabu mkuu.

#43 Mlangoni
Wakuu nawashukuru, mnaendelea kunichanganya ila kwa faida. Nimewaandikia kuuliza kama naweza kuchagua mada kabla ya kufika, nikataja utenganishaji na usalama wa prosesi. Kuna kingine cha kuwauliza?

#44 Mnara wa Pili
Muulize profesa wanafunzi wake waliomaliza wako wapi sasa hivi, kwa nafasi siyo kwa majina. Profesa makini anajibu bila shida, wengi wanaweka hata kwenye ukurasa wa maabara yao. Halafu tafuta mmoja wa hao umuulize mwenyewe kama anajibiwa barua pepe na anakutana na profesa kila wiki au kila msimu. Na kujikimu, uliza kwa maandishi kama kuna kazi ya kusaidia kufundisha, na viza ya mwanafunzi inaruhusu saa ngapi.

#45 Mzee wa Boila
Na uliza kama wana kiwanda cha majaribio au wana picha yake tu ukutani.

#46 Nusu Lita
Wakuu DWSIM imekubali kufunguka ila mnara wangu unasema haujafikia jibu, nimeweka sahani 40 na mrejesho (kimiminika kinachorudishwa juu ya mnara) sifuri. Tatizo nini?

#47 Vali Imekwama
Mrejesho sifuri? Sasa unataka nini kirudi juu kioshe mvuke? Weka 2 kwanza, punguza sahani ziwe 15, halafu utuwekee picha ya mlisho wako umeingiza sahani ya ngapi.